Daktari Breki, Aliyepigana Usingizini

Marehemu Profesa, ambaye wagonjwa wake walimwita Daktari Breki, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa muuza nyama. Alikulia nyuma ya bucha la baba yake. Akiwa bado mdogo alimwona kuku aliyekatwa kichwa akitimua mbio uani, akiangusha ndoo ya damu na kumvamia miguuni. "Baba, mbona hajafa?" alilia. Baba akajibu bila kuinua macho kwenye kisu, "Kafa, ila miguu haijapata habari." Marehemu alipenda kusema kwamba swali la maisha yake lilianzia hapo.

Alianza shule mwaka 1963. Jirani yake wa dawati alikuwa na bega lililorukaruka na mdomo uliotukana bila mwenyewe kutaka. Mwalimu alimchapa kila hali hiyo ilipomtokea, na kadiri alivyochapwa ndivyo bega lilivyozidi kuruka. Siku marehemu alipoidaka fimbo hewani, alivunjwa kifundo cha mkono. Alifanya mtihani wa muhula huo kwa mkono wa kushoto, akawa wa kwanza. Alihitimu udaktari mwaka 1981 na uzamivu wa sayansi ya ubongo mwaka 1988.

Hadi alipostaafu mwaka 2016 aliongoza maabara ya ubongo katika hospitali kuu, akitafiti kwa nini mwili hufanya jambo ambalo mwenye mwili halitaki: miguu inayoganda mlangoni, mtu anayenawa hadi ngozi inatoka. Aliwahi kuletewa fundi cherehani aliyefungwa kamba kwa sababu alijipiga ngumi usoni, jicho moja limeshapasuka. Ndugu zake walisema ni ukaidi. Marehemu alimfungua, akala kiwiko cha pua, akaendelea kuandika huku damu ikidondokea koti jeupe. "Injini yako nzima, mzee wangu," alimwambia. "Breki ndizo zinachelewa." Vipimo vya miaka iliyofuata vilimuunga mkono.

Tarehe 7 Desemba 1985 alimwoa mkaguzi wa shule, wakajaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Akiwa macho hakuwahi kumwinulia mkewe hata sauti, sembuse mkono.

Mwaka 2009 alianza kupigana usingizini. Mkewe aliamka mdomo umepasuka, safari nyingine jicho limevimba. Kazini kwake mke alisema ukweli, wenzake wakakonyezana. "Eti alikuwa amelala! Wote husema hivyo, shoga yangu." Kaka zake wawili wakamfuata marehemu maabara mchana kweupe, wakamvunja taya mbele ya wanafunzi. Hakurudisha ngumi. Alipoweza kuongea tena alimwambia yule mkubwa, "Shemeji, hunisadiki. Njoo ulale na mimi."

Shemeji akaja, kwa ubishi. Asubuhi alitoka chumbani na jino lake kiganjani.

"Dada, huyu mtu anapiga!"

"Si nilikwambia?"

"Uliniambia anapiga. Hukuniambia ana nguvu hivi!"

Tangu siku hiyo kaka huyo hakuruhusu mtu amseme vibaya mume wa dada yake. Marehemu mwenyewe alijua ugonjwa unaoanza hivyo mara nyingi huishia wapi. Kutetemeka kulikuja mwaka 2015. Alisimama mbele ya wanafunzi wake, akawaonyesha miguu yake ikikataa kuvuka kizingiti, akawataka waandike. Mkewe hakuhama kitanda.

Alfajiri ya tarehe 3 Juni 2022 alirusha ngumi, akaanguka, kichwa kikagonga pembe ya kabati. Alifariki hospitalini saa tano asubuhi. Mwili ulikuwa na michubuko, na wiki hii yamesemwa mengi: kwamba mke amelipiza kisasi, kwamba mjane sasa amepumua. Daktari aliyeuchunguza mwili ameeleza kilichomuua, na polisi wameridhika. Lipo moja tu ambalo mkewe peke yake alilisikia, na familia imeamua lisemwe hapa mbele ya wote. Kabla ya kuanguka, marehemu alipaza sauti, macho yamefumbwa: "Mama watoto, kaa nyuma yangu! Hawatakugusa!" Ndoto iliyompiganisha ilikuwa ileile miaka yote. Watu wanavunja mlango, naye anawazuia. Kila ngumi iliyompata mkewe ilikuwa imeelekezwa kwa hao.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanne, na mashemeji wawili ambao leo wamelibeba jeneza lake na hawakukubali kupokewa.

Apumzike sasa. Aliyemweka nyuma yake yuko salama.