Mwizi Anayepanga Kuni

Siku hiyo, Jumanne ya mwisho kabla ya Krismasi, walikuwepo watu wanne kwenye benchi la kahawa, ndani ya duka la matairi. Verlin Stroh, anayeitwa Jaji kwa sababu aliwahi kuwa mzee wa baraza mahakamani kwa siku tatu na mpaka leo hajazisahau. Orrin, aliyeuza mbegu za ngano maisha yake yote, kwa hiyo ni Mbegu. Delmar, anayetabiri theluji kila siku ya Mungu, kwa hiyo ni Utabiri. Na Twila, mwenye duka la matairi, ambaye hana jina la utani kwa sababu kahawa ni yake. Benchi lenyewe ni la Walutheri wa mji wa Ostrander, waliofunga kanisa walipobaki saba. Twila alilinunua akaliweka karibu na hita, na tangu hapo limesikia mambo ambayo kanisani halikuwahi kuyasikia. Asubuhi hiyo Jaji aliingia na kesi.

— Nimemwona! — alisema kabla hajavua koti. — Jana saa kumi na mbili asubuhi, giza bado. Nasikia mtu barazani, kwaru, kwaru. Nawasha taa. Kofia ya manjano! Kaniangalia, kakimbia kama sungura.

— Kofia ya manjano ni watoto wa akina Wasinger, — alisema Twila.

— Yupi kati ya kumi na mmoja?

— Nitajuaje mimi? Bibi yao kawafumia wote kwa uzi mmoja.

— Kaiba nini? — aliuliza Mbegu.

Jaji akakohoa. Hapo ndipo kesi yake ilipokuwa na tobo.

— Hajaiba. Kazoa theluji kwenye ngazi zangu.

— Lo! Jambazi huyo. Mpigie sherifu upesi, kabla hajakufagilia na ua.

— Cheka tu, Mbegu. Nikimaliza kikombe hiki nampigia kweli. Kuni nilimwaga nyuma ya banda, nazikuta mlangoni, zimepangwa. Pipa la taka linarudi lenyewe kutoka barabarani. Naishi peke yangu tangu mke wangu Ardith afariki. Nani anarudisha pipa?

Hakuwaambia kwamba siku hizi, kabla ya kulala, anaegemeza kiti mlangoni. Twila alimjazia kikombe mpaka ukingoni, wenzake akawatilia nusu, na hakuna aliyelalamika.

— Tatizo ni shule, — alisema Utabiri. — Hawa wanasomea nyumbani. Mtoto wa kawaida shule ikifunga anarudi nyumbani. Wao ikifunga wanakwenda wapi?

— Wanatoka mezani, wanahamia kwenye kochi, — alisema Twila.

— Basi ndiyo hayo! Likizo hawana pa kuipeleka, wanaileta kwenye baraza za watu.

— Na mti wa Krismasi hawajaweka mpaka leo, — alisema Mbegu. — Mji mzima unawaka taa tangu Novemba, kwao giza totoro. Mama yao anasema mti unaingia siku ya mkesha. Kisha wataimba Krismasi mpaka Januari, sisi tumeshachoma miti yetu.

— Wanangoja bei ishuke, — alisema Twila.

— Wanangoja nyumba! — Utabiri alipiga goti lake. — Wale ni watu kumi na watatu, vyumba vitatu. Jaji mtu mmoja, vyumba vitano. Piga hesabu.

— Kwa kupanga kuni? — aliuliza Jaji.

— Taratibu, bwana. Leo kuni, kesho supu, keshokutwa wosia.

— Mimi nasema ni Roma, — alisema Mbegu. — Wanasajili watu. Ukimwacha Mkatoliki akusaidie mara saba, imekwisha, wewe ni wao. Zimefika ngapi, Jaji?

— Tano.

— Bado una nafasi.

Utabiri akainama, akashusha sauti.

— Au kuna kitu wanakijua. Yule binti yao mkubwa si anafanya usafi kwa daktari? Labda daktari kasema jambo ambalo wewe hajakuambia. Mtu mzima mwenye nguvu zake hapangiwi kuni.

Kikombe cha Jaji kilisimama njiani. Mwezi wa kumi kifua kilimbana siku mbili, na hakumwambia mtu.

— Delmar, funga mdomo, — alisema Twila. — Theluji yenyewe huijui, utajua afya ya mtu?

Lakini Jaji alikuwa ameshatoa simu.

— Nampigia sherifu. Awaulize wanajua nini. Nina haki ya kujua.

Mlango ukafunguliwa. Aliingia Colette Wasinger, mtoto mchanga ubavuni, na nyuma yake msichana wa miaka saba mwenye kofia ya manjano.

— Twila, nisamehe, ni tairi la nyuma tena. Gari limejaa watoto wanaimba, usishtuke.

— Kilatini, — alinong'ona Mbegu.

Msichana alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye magoti ya Jaji. Mkononi alishika bua moja la ngano.

— Bwana Stroh, mimi ni Perpetua. Jana uliniona?

— Perpetua! Hilo haliulizwi!

— Mama, lazima nijue!

Colette uso ulimwiva. Ikabidi aeleze. Kabla ya Krismasi kila mtoto huokota jina kwenye kofia, na mwaka huu walitia na majina ya majirani. Unamtendea mtu wako wema kwa siri, kisha unaweka bua kwenye hori, Mtoto Yesu apate pa kulala. Ukionekana, bua halihesabiwi.

— Mimi nimekuokota wewe, — alisema Perpetua. — Nina manne tu. Hili la jana sijui kama naruhusiwa kuliweka. Dada yangu Felicity kampata bibi kipofu. Kwake ni rahisi.

Jaji aliirudisha simu mfukoni. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akiwaambia kila wiki kwamba ukweli ni ukweli, hata ukiuma.

— Jana? — alisema. — Jana nilikuwa nimelala.

— Hulala kama gogo huyu, — alisema Utabiri haraka.

— Hata treni haimwamshi, — aliongeza Mbegu.

Perpetua akatabasamu mpaka pengo likaonekana. Kisha akakunja uso.

— Sasa nani aliwasha taa?

Jaji akamtazama Mbegu. Mbegu akamtazama Utabiri. Utabiri akatazama dari. Twila alitikisa birika la kahawa, lilikuwa tupu.

Sherifu hakupigiwa. Asubuhi ya mkesha wa Krismasi, saa kumi na moja, Jaji alibeba beleshi, akazoa theluji mlangoni kwa Mbegu, akarudi kwake kwa kunyata. Mbegu alikuwa dirishani, na mpaka leo hajamwambia kwamba alimwona.