Wekundu wa Cerise

Asubuhi moja ya Juni 1968, huko Kikula, katika mji wa Likasi ambao wazee bado waliuita Jadotville, wanaume watatu walikuwa wamebanana kwenye ubao wa kahawa wa mama Berthe. Placide Kalenga, fundi wa kerezo, ile mashine ya kuchonga chuma kikiwa kinazunguka, hakutulia. Mara akae, mara ainuke. Mhimili wa mashine ya kuvunja mawe aliopewa kuchonga, chuma kilichochanganywa na nikeli, ulikuwa umekwisha kumvunjia visu viwili vya kerezo. Kilibaki kimoja. Hicho nacho kikivunjika, mkuu wa karakana angeandika neno moja, "sabotage", yaani hujuma, na kwa neno hilo watu walikuwa wakifuatwa nyumbani na askari.

– Soma tena, alisema Hilaire Mwamba, aitwaye Askofu kwa kuwa alitumikia misa hadi akaota mvi.

Placide alifungua daftari aliloacha Mbelgiji, bwana wake wa zamani.

– Anaandika: chuma ikiwa inazunguka, piga moto mbele ya kisu mpaka ikuwe rouge cerise, nyekundu ya cerise. Ikiwa chini ya pale, kisu inavunjika. Ikipita, chuma inaharibika.

– Cerise ni tunda ya Bulaya. Nyekundu sawa kanzu ya kardinali, alisema Askofu.

– Weye uliona kardinali wapi? alicheka Alexis Ngoie, muuza samaki wa ziwa la Tshangalele, aitwaye Kambale. Cerise iko sawa mashavu ya samaki ya leo.

– Ya leo asubuhi ao ya leo magaribi? aliuliza Placide.

– Asubuhi! Samaki inakunjwa ikingali mbichi, mon vieux!

– Zako ni za juzi, alisema mama Berthe.

Askofu hakukubali kushindwa.

– Basi nasema kweli: cerise ni pua ya Muzungu akisha kunywa chupa tatu. Bwana yako alikuwa anapimia kwa kioo.

– Tatu ao ine?

Placide alishtuka kusikia kwamba ameuliza kwa dhati. Sirene ya kazi ikalia. Jirani yao, mama Simone Kapinga, ndiyo kwanza alikuwa amefika na kikombe chake.

– Papa Placide, ulitumika na ule Muzungu miaka ngapi? aliuliza Simone.

– Kumi na mbili.

– Basi weye uliona rangi gani?

Placide alifunga daftari polepole.

– Akitaka kuwasha moto, alikuwa ananiambia: "Placide, funga mulango."

– Na ulikuwa unafunga?

– Nilikuwa nafunga, mama. Miye nikiwa inje.