Mwezi wa Ngapi?

Kwenye basi la asubuhi mjini Daegu nilikaa nyuma ya mzee aliyepakata koni za mazoezi. Binti wa pembeni yake akamuuliza, "Za nini hizo, mjomba?"

"Nawarudisha wachezaji majeruhi uwanjani. Nawakimbiza taratibu, kisha nawakatisha kona, mpaka goti liache kuogopa." Alisema kwa fahari ya mtu anayefufua wafu.

Binti akapandisha suruali, akamwonyesha makovu mawili gotini. "Mimi nilicheza mpira wa mikono shuleni. Nilipasuliwa, nikarudishwa uwanjani mwezi wa tano tu baada ya upasuaji, kwa sababu ya fainali. Kano ya goti ikakatika tena dakika ya nne ya mchezo."

"Mwezi wa tano! Mimi husubiri hata miezi tisa."

"Hata kocha akikubana?"

Mzee akakohoa. "Mimi natoa ushauri tu. Anayepanga timu ni kocha."

"Aliyenifanyisha mazoezi mimi naye alisema hivyohivyo. Kocha naye akasema alimsikiliza yeye. Basi nilaumu goti?"

"Ungekataa, binti."

"Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nani aliniuliza?"

Basi likasimama karibu na uwanja. Mzee akainuka haraka, akasema kuna msichana aliyepasuliwa goti anamngoja, ana mechi Jumamosi.

"Huyo yuko mwezi wa ngapi tangu apasuliwe?"

Mzee akazikumbatia koni zake, akashuka.