Kunyonyesha Wawili

Basi lilipovuka daraja, mzazi mwenye kichanga cha miezi miwili alimweleza fundi cherehani aliyekaa pembeni yake kwamba anakwenda hospitali kumchukua mtoto wa marehemu dada yake. Walikuwa wamefahamiana kwa vituo vitatu tu, muda unaotosha kabisa kumwambia mtu yale ambayo mume hajaambiwa.

"Nimeshagawa, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Ziwa la kulia la wangu, la kushoto la yule. Asidhulumiwe mtu."

Fundi alicheka kidogo. "Mwanangu, hicho si kitambaa ukikate nusu kwa nusu. Mnyonyeshe anayelia kwanza. Ukianza kupima, huyo yatima atakuwa mgeni kwako mpaka aote ndevu."

"Maziwa yangu hayamtoshi hata huyu mmoja. Nikimpa sana yule, wangu atakonda. Nikimpa kidogo, nitamwambia nini dada yangu?"

"Dada yako hapimi tena uzito wa mtoto."

"Mimi ndiye nitakayempima."

Fundi akageukia dirishani. Kichanga kikaamka, kikaanza kutafuta ziwa. Mzazi alipeleka mkono kwenye kifungo cha blauzi, kisha akaurudisha.

"Si umpe basi," fundi alinong'ona.

"Huyu alinyonya tukitoka nyumbani. Mwenzake hajaonja ziwa la mtu tangu azaliwe."

Basi likasimama mbele ya lango la hospitali. Alishuka taratibu, mtoto akilia begani, naye akimpapasa mgongo. "Vumilia, baba. Mdogo wako anatungoja."