Mjukuu Wangu Aliugua Kila Giza Lilipoingia

Asalaam aleikum. Na ninyi ndugu zangu Wakristo, amani iwe juu yenu. Wakubwa zangu shikamooni, na Waha wenzangu wa huko nyuma, mwakeye.

Nimeombwa nisimame kwa sababu mimi ni kiongozi wa akina mama wanaoanika dagaa huku kwetu ziwani, na leo tuko hapa Katubuka viongozi watupu: wenyeviti wa mitaa, mashekhe, wachungaji, wahudumu wa afya. Mnataka kusikia jinsi kiongozi anavyoweza kuzisaidia familia zenye watoto wanaonyonya. Mimi nitawaambia kwanza jinsi kiongozi anavyoweza kuziumiza. Hilo nalijua zaidi. Majina ya watu sitayataja, na anayeyajua naomba ayameze.

Nilichaguliwa mwenyekiti wa akina mama hao kwa sababu nina mdomo. Msicheke, ni kweli. Wanunuzi wakubwa walikuwa wakilalamika kwamba dagaa wetu wana mchanga, wana harufu, na kwamba watoto wanatambaa mpaka chini ya chanja za kuanikia. Tulitishiwa kwamba watahamia mwalo mwingine, ufuko mwingine wa kushushia samaki. Nikasimama nikasema, kuanzia leo ni marufuku mama kuja na mtoto mchanga mwaloni. Anayenyonyesha amwache mtoto nyumbani, amwachie uji. Nilipigiwa makofi. Na mimi nilijiona nimefanya jambo la maana sana.

Ndugu zangu, nawaambia, sheria ile niliisimamia kama askari. Boti zinaingia alfajiri, mama anapokea dagaa, anaosha, anaanika, anageuza, anafukuza kunguru, mpaka alasiri ndipo arudi kwake. Saa zote hizo matiti yamejaa. Nilikuwa nawaona wakijificha nyuma ya nyavu wakikamua maziwa mchangani. Mchanga unalowa, wanaufunika kwa mguu, wanarudi kwenye chanja. Niliwaona kwa macho yangu, na nikawatania. Nikasema, "Haya, mnamnyonyesha nani, kaa?" Wakacheka kwa sababu mwenyekiti kacheka.

Kulikuwa na dada mmoja, wazazi wake walitoka Burundi miaka ya nyuma wakahamia kwetu. Alikuja na mtoto mgongoni, amemfunika khanga kabisa ili nisimwone. Mtoto akalia. Nikamwendea. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama mwenyekiti, umwana arashonje." Mtoto ana njaa. Sikuhitaji kutafsiriwa, Kiha na Kirundi ni ndugu. Nikamjibu, "Kila mtu hapa ana mtoto. Rudi nyumbani." Akarudi. Kesho yake akaja peke yake.

Mtoto yule aliharisha miezi miwili, akafa.

Msibani nilikwenda, tena nilikaa mbele na kula wali wa watu. Tulipokuwa tunatoka nikamwambia mwenzangu, bila hata kushusha sauti, kwamba yule mtoto alibemendwa. Mnajua nini maana yake, lakini kwa ajili ya wageni niseme. Watu wetu wanaamini kwamba mama anayenyonyesha akitoka nje ya ndoa, au mume akitoka, basi maziwa yanaharibika na mtoto anadhoofu. Mtoto akikonda tu, jibu tunalo tayari, na jibu lenyewe ni aibu ya mama yake. Neno lile likamfikia mfiwa. Nililitamka mimi.

Sasa nakuja kwangu.

Mwanangu ni mvuvi. Alioa binti wa Mwamgongo, kule kaskazini ya Gombe ambako mpaka upande boti. Mkwe mpole, mchapakazi, haongei sana. Wakapata mtoto wa kiume. Miezi miwili ilipotimia nikamwambia mkwe wangu arudi mwaloni, maana mke wa mtoto wa mwenyekiti akikaa nyumbani watu watasemaje? Mtoto nitabaki naye mimi. Siku hizo nilikuwa naenda mwaloni jioni tu, wakati wa kufunga magunia. Basi mkwe alikuwa anatoka alfajiri, na mimi nakaa na mjukuu wangu, nampa uji mwembamba wa muhogo na maji ya ziwa niliyoyachemsha siku ambazo kuni zilikuwepo. Siku ambazo kuni hazikuwepo, sisemi.

Mtoto akaanza kuharisha. Halafu akapona. Halafu akaharisha tena. Na mimi, kwa kuwa nina akili nyingi, nikagundua kitu. Mtoto anaugua siku za giza zikiingia, na mbalamwezi ikija anapona. Mwezi wa kwanza hivyo, wa pili hivyo. Nikaenda kwa mganga, akanipa mizizi ya kumwogeshea. Nikamwogesha, ikawa ndiyo wiki ya mbalamwezi, mtoto akanenepa. Nikasema, unaona? Dawa imekubali. Giza likarudi, mtoto akalegea tena.

Hapo nikafunga hesabu. Wakati wa giza mkwe wangu yuko mwaloni. Mtoto anaugua mkwe akiwa mwaloni. Basi huko mwaloni kuna mwanamume.

Nikaita kikao. Mwanangu, shemeji zangu wawili, na mimi. Tukamkalisha mkwe kwenye mkeka. Nikamuuliza mbele ya wanaume, "Sema, ni nani?" Alilia kidogo, akajifuta. Akasema, "Mama, mimi sina mwanamume. Nina maziwa tu, yananitoka bure." Hayo ndiyo aliyosema. Maneno yalinyooka kabisa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeyasikia. Mwanangu akaniangalia mimi. Nikasema, aende kwao, na mtoto abaki, kwa sababu maziwa yake yameshaharibika. Mwanangu akainamisha kichwa, akakubali. Namlaumu? Namlaumu. Lakini kichwa kile nilikilea mimi.

Nilimsindikiza mwenyewe hadi kwenye boti ili nihakikishe ameondoka. Kifuani alikuwa amelowa. Hakuniaga.

Siku tisa. Hizo siku tisa ndugu zangu naziona mpaka leo nikiwa nimekaa mbele ya sahani ya chakula. Mtoto alilia siku tatu za kwanza akiutafuta mwili wa mama yake kwangu, anagusa kifua changu, hapati kitu. Kisha akaacha kulia. Mimi nikasema ametulia. Wanawake wenye akili mnaojua mambo haya mnatikisa vichwa. Ndiyo, alikuwa amechoka kulia.

Mhudumu wa afya wa mtaa wetu alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Alipomwona mtoto hakupiga hodi ya pili. Alimbinya ngozi ya tumbo, ngozi ikabaki imesimama. Akasema, "Bibi, vaa viatu." Tukaenda hospitali.

Nesi aliyetupokea alikuwa kijana wa kiume, si mtu wa huku, ametoka bara huko kwenye ng'ombe. Walipomaliza kumpa mtoto maji kidogo kidogo, akaniuliza, "Mama yake amefariki?" Nikasema hapana, yupo Mwamgongo. Akaniangalia. "Anaumwa?" Haumwi. "Sasa mbona mtoto yuko hapa bila mama?"

Nikaanza kujitetea. Nikamweleza yote, kwa kujiamini kabisa, na ushahidi wangu mkubwa ulikuwa ule: mtoto anaugua wakati wa giza, anapona wakati wa mbalamwezi. Yule kijana akasema, "Samahani bibi, giza ndiyo nini? Mimi mambo ya ziwa siyajui."

Nikamcheka moyoni. Nikamwelekeza kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikasema, dagaa wanavuliwa kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, kwa hiyo boti hazitoki. Boti zisipotoka hakuna dagaa wa kuanika. Dagaa wasipokuwepo, akina mama wanashinda nyumbani. Wakishinda nyumbani...

Nikamtazama mtoto kitandani.

 Yule kijana alisubiri, kalamu mkononi. Na mimi sentensi ile ilinishinda kuimaliza, kwa sababu nilikuwa nimeshaijua mwisho wake. Wakishinda nyumbani, wananyonyesha. Mjukuu wangu alikuwa anapona kila mama yake alipokuwa nyumbani. Mizizi haikuponya kitu. Mwanamume hakuwepo. Kilichokuwepo ni sheria, na sheria ilikuwa yangu. Na yule mtoto wa dada yule mwingine naye akanijia palepale, na khanga iliyomfunika. Nilikaa chini sakafuni.

Kesho yake mhudumu alibaki na mtoto wodini, mimi nikapanda boti kwenda Mwamgongo. Nilimkuta mkwe wangu anatwanga. Nilikuwa nimeandaa maneno, tena mazuri. Aliponiona akauliza neno moja, "Yupo?" Nikasema yupo. Akaingia ndani, akachukua khanga, akatangulia kwenye boti. Maneno yangu nilirudi nayo mdomoni. Njia nzima alikaa mbele, mimi nyuma.

Maziwa yalikuwa yamepungua mno, karibu yakatike. Alikuwa amejifunga kitambaa kifuani kwa maumivu. Yule nesi na mhudumu walimwambia asikate tamaa, amweke mtoto titini mara kwa mara hata kama hakuna kitu, amlaze ngozi kwa ngozi, na matone anayokamua anyweshwe kwa kikombe. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili, tone tone. Mimi kazi yangu ilikuwa kufua nepi na kuleta chakula, na sikuambiwa asante, na sikustahili. Ilipita wiki na zaidi ndipo nikasikia mtoto anameza. Nani hapa amewahi kusikia mtoto anameza akalia? Mimi nililia mlangoni, nikajificha wasinione.

Mtoto alipona. Sasa anatembea. Lakini ni mdogo, wa rika lake wamemwacha mbali, na maneno yake yamechelewa. Sitawadanganya kwamba yote yamekwisha vizuri.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mwalo, nikamwambia nataka ile sheria ifutwe. Akasema, "Uliitangaza mbele ya wanawake, kaifute mbele yao." Nikasimama katikati ya chanja, saa ya kugeuza dagaa, nikawaambia yote haya ninayowaambia ninyi. Nilimwomba msamaha yule dada kwa neno nililolisema msibani kwake. Alikuwa anafukuza kunguru. Hakugeuka upesi. Alipogeuka akasema, "Wa kwako amerudi, mama." Akaendelea na kazi yake. Hakuna aliyepiga makofi siku hiyo.

Leo tuna banda pembeni ya mwalo, mbali na chanja, lina mikeka na maji ya kunawa. Bibi wawili wanashika watoto kwa zamu. Mtoto akilia, mama anaitwa, na jirani yake wa chanja anamgeuzia dagaa mpaka arudi. Hakuna kazi iliyoharibika. Wanunuzi hawakuhama. Ilikuwa inawezekana tangu siku ya kwanza, ndilo linaloniuma. Mbao chache na mikeka, na mwenyekiti anayeuliza kabla ya kupiga marufuku.

Namshukuru mhudumu wa afya aliyenivalisha viatu. Namshukuru yule nesi, ambaye hakunitukana, na laiti angenitukana, ingeniuma siku ile kisha ingepita. Shekhe wetu na mchungaji wa jirani nao nawashukuru, maana walisimama kila mmoja kwenye ibada yake wakawaambia wanaume kwamba mke anayenyonyesha apewe chakula na muda, na asisingiziwe. Mkwe wangu namshukuru zaidi ya wote, ingawa hataki kushukuriwa na mimi.

Basi mnaporudi Buzebazeba, Ujiji, vijijini kwenu, mtakutana na mtoto aliyekonda. Mtamkuta, wapo wengi. Watu watakuwa wameshaanza kunong'ona kuhusu mama yake, na watakugeukia wewe kiongozi useme neno. Usimuulize amelala na nani. Muulize mara ya mwisho alinyonyesha lini, na nani alimzuia. Na ujiandae, kwa sababu anaweza kukutaja wewe.