Bi Yamina Berrahal na Udongo wa Maghnia

Baada ya miaka thelathini na miwili katika maabara yetu ya kemia hapa Oran, Bi Yamina Berrahal anastaafu tarehe 30 Juni.

Alizaliwa Maghnia, penye vilima vya udongo mweupe unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Alipokuja kwetu, mkemia kijana, alipenda kusimama dirishani, chai ya nanaa ikipoa mkononi, macho yakiwa mbali. Tulimtania: "Yamina, umeshafika kwenu? Tusalimie!" Alitabasamu tu.

Siku hizo tulitengeneza manukato yenye harufu ya ndizi, tukitumia asidi kali kuchochea mchanganyiko. Mchana mmoja chupa ilipasuka, asidi ikamuunguza mikono Setti, rafiki yake wa meza moja. Setti akaacha kazi. Yamina akaenda kwao Maghnia, akarudi na gunia la udongo. Aliuosha kwa asidi hafifu, akausuuza mpaka maji yakatoka safi, akaukausha, akausaga. Unga ule ukafanya kazi ya asidi kali, na ukichujwa ulitumika tena. Maabara ikanukia ndizi mbivu; tukawa tunatembea humo taratibu, kama watu walio usingizini.

Kisha udongo ukachoka. Ulishatumika mara kadhaa, na sasa haukuchochea kitu. Mkuu wetu wa wakati huo, Bwana Lakhdar, ambaye kwa heshima tulimwita Si Lakhdar, akasema, "Binti yangu, udongo ni wa vyungu. Jumapili, wiki ya kazi ikianza, tunarudi kwenye asidi."

"Nipe mpaka Alhamisi, Si Lakhdar."

"Ukishindwa?"

"Hiyo asidi nitaishika mimi, si mwingine."

Yamina aliona unga umegeuka kahawia: masalio ya mafuta yalikuwa yameziba vitundu vyake. Akauosha kwa spiriti, akaupasha tanurini polepole, maana moto ukizidi udongo hufa kabisa. Ukarudi kuwa mweupe. Alhamisi mchana harufu ya ndizi ikapanda tena, ikatufuata mpaka ukumbini. Si Lakhdar akavua miwani, akanusa. "Haya, mama, nimekoma." Yamina akakaa chini, akalia.

Kesho yake alikwenda kwa Setti, akammiminia unga ule viganjani.

"Hauunguzi?" Setti aliuliza.

"Hauunguzi, dada yangu. Rudi."

Setti alirudi, na wakafanya kazi pamoja miaka mingi.

Tangu hapo, katika chumba chetu hakuna aliyeungua tena. Sisi tunaoandika haya tuna mikono mizima. Asante, Lalla Yamina, bibi yetu mheshimiwa. Uamke kila siku saa uitakayo, afya isikupungukie, na nyumba yako isikose wageni.