Hina ya Harusi Niliyoikosea

Bismillahi. Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Hussam, mwanangu, zima hiyo panka. Na wewe Afaf, mjukuu wangu, kaa hapa ubavuni unipe mkono, kwani mengi ya leo ni yako, na nimeyachelewesha kwa woga wala si kwa kusahau.

Kwanza mali, tuimalize upesi. Nyumba hii ya Ndia Kuu msiiuze ikawa duka la vinyago. Mirathi ifuate sheria, nami siongezi neno. Gitaa nilikwisha kumpa Hussam nikiwa mzima, na asitokee wa kumdai.

Sasa lililo zito. Mwaujua wimbo wangu, ule uitwao Hina, uliopigwa kwenye harusi za mji huu mpaka watu wakaliacha jina langu la Idarus wakaniita Mzee Hina. Gitaa na kusoma nota nilifunzwa na Mgoa mmoja, lakini kilichoniteka moyo ni nyimbo za Kituruki, nilizozisikia kwa Jemali, mpishi wa meli iliyozuiliwa Kilindini nilipokuwa karani huko. Alikuwa na saz, ala ya kwao yenye shingo ndefu, nami nikalegeza nyuzi za gitaa mpaka likaweza kumfuata. Siku moja aliimba, akatamka "kina", akanionyesha kiganja. Nikasema, hina! Kwetu hina ni ya bibi harusi, basi sikuuliza zaidi. Machozi yalikuwa yakimtoka, nikadhani amekumbuka kwao. Kuuliza si ujinga, wanangu, ila mimi nilijiona mjuzi.

Miaka ikapita, akaja mwanamke wa Kituruki, mtalii, akaniuliza mbona nawapigia maharusi maombolezo, maana wimbo ule ni wa mama anayempaka hina bintiye aliyekufa kabla ya kuolewa. Nikamsihi anyamaze. Nilikuwa nimeshazoea kusifiwa, na sifa ni tamu kuliko halua. Mwezi ule ule Najla, binti yangu, mama yako Afaf, akaolewa na Shukri, nikampigia Hina huku namtazama akicheka.

Msiseme ni wimbo uliomwua. Mauti ni ya Mungu, na wimbo hauui mtu. Laiti ungekuwa wimbo, ningepata usingizi.

Siku uliyozaliwa, Afaf, baada ya alasiri, nilikuwa Ngome ya Yesu mbele ya wakubwa, nikipiga Hina hiyo hiyo, na simu nimeizima sauti. Mama yako alikuwa akivuja damu. Hospitali haikuwa na damu ya aina yake, na katika nyumba hii aina hiyo ilikuwa kwangu peke yangu. Baba yako alinipigia mara kumi na moja. Alipochoka kupiga akaja mbio mpaka Ngomeni, walinzi wakamzuia kwa kuwa hana kadi ya mwaliko, akawa aniita kwa nguvu pale langoni. Nilimsikia. Wallahi nilimsikia, nikaumaliza wimbo, nikangoja makofi. Nilipofika hospitali, mama yako alikuwa ameshafunikwa shuka.

Kisha nikafanya baya kuliko hilo. Kilioni nilisimama mbele ya watu nikasema Shukri amemwua mkewe kwa uzembe, naye akainamisha kichwa, kwa kuwa mimi ni mkwewe. Nikakuchukua ungali mchanga. Kila Idi alikuja na nguo yako mpya, nami nikamrudisha kutoka mlangoni, wewe nikakwambia baba yako hajui hata jina lako. Bibi yako Mwanarusi alinisihi mpaka akaingia kaburini, nikawa sisikii. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nimekaa ndani ya changu miaka ishirini na mbili.

Umeuvuta mkono wako. Haya. Ni haki yako, sikulaumu.

Alhamisi unaozwa. Walii wako wa kukuoza ni baba yako. Mimi, mzaa mama, sina idhini hiyo. Nilimwambia sheikh kwamba Shukri hajulikani aliko, ili kadhi akuoze badala yake. Ni uongo. Yuko Marikiti auza viungo, hajahama hata siku moja. Hussam, nenda kwa sheikh leo hii, umwambie, "Babangu alisema uongo," useme hivyo hivyo, usinipambie. Ndoa ya Afaf isisimame juu ya uongo wangu.

Hina msiipige harusini. Semeni kwa watu kwamba si yangu, ni maombolezo ya Waturuki, nami niliyachukua bila kuuliza. Na mazishini msipige chochote. Niswalieni tu.

Nipe maji... Basi, yatosha.

Mungu awape umoja, wanangu. Awape ulimi wa kusema kweli mapema, kabla haujawa mzito kama huu wangu. Afaf, Mungu akupe mume mwenye subira kama ya... kama ya baba yako. Akupe watoto, nao wakuzike wewe, usiwazike wewe wao. Amina.

Asubuhi nilimtuma jirani Masha akamwite. Sikilizeni... hapo chini. Ni yeye. Hata leo abisha hodi yake kwa adabu, hagongi. Hodi hiyo sijaiitikia tangu... Sauti yangu haifiki, Afaf. Itikia wewe. Sema... karibu, baba.